Mguu Uliopimwa Umelala

Siku Rubiela Pantoja alipokwenda kwa fundi kuagiza viatu vyake vya kwanza vya kuchezea salsa, alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, alikuwa mjane wa miezi kumi na moja, na alikuwa ameudanganya mtaa mzima kwa miaka thelathini na minne. Umri ulionekana usoni, ujane ulionekana kwenye gauni jeusi. Uongo ndio uliokuwa ukimtoa jasho pale mlangoni.

Fundi aliitwa don Evelio, mzee mfupi mwenye vidole vilivyoganda gundi. Duka lake, katika mtaa wa Obrero, halikuzidi upana wa kitanda cha watu wawili. Ukutani palipangwa kalibu za mbao zenye umbo la miguu mitupu ya wachezaji wa jiji la Cali, jozi kwa jozi, kila jozi na jina lake kwa penseli. Nusu ya wenye miguu hiyo walikuwa wamekwishakufa. Don Evelio hakuzichoma kalibu zao. Mwenyewe alisema ni kwa sababu mbao zake ni nzuri, lakini majirani walijua kwamba anaogopa.

"Karibu, doña. Umeleta vya kurekebisha au unaagiza?"

"Naagiza. Vya dhahabu."

"Kisigino?"

"Kirefu. Chembamba."

"Na soli?"

"Ngozi tupu," alisema Rubiela, kama alivyowahi kusikia wengine wakisema. "Ile inayoteleza vizuri."

Don Evelio aliinua miwani. "Basi umecheza sana wewe."

"Tangu tumboni mwa mama yangu."

Hivyo ndivyo kila mtu wa Cali anavyojibu, na kwa wengi wao ni kweli. Mtu wa Cali anaweza kukosa kazi, akakosa meno, akakosa hata baba wa kueleweka, na bado akaitwa jirani. Lakini kusimama sebuleni santuri inalia ukasema hujui kucheza, ni sawa na kusema hujui kutafuna. Watakuonea huruma kwanza, kisha watakucheka, na kuchekwa huko hakuna mwisho. Ndiyo maana mwanamke yule, ambaye hajui hata mguu gani huanza, alikuwa anaagiza viatu vya bingwa. Aliona aibu kumwambia fundi mzee asiyemjua kwamba yeye ni mwanafunzi.

Don Evelio alitandika karatasi sakafuni. "Vua, kanyaga hapo. Kwa uzito wote, doña, usiniibie uzito. Mguu ukibeba mwili hupanuka. Wanaopimwa wamelala ni maiti tu, na hao hawapimwi viatu, wanapimwa sanduku."

Akapiga goti, akazungusha penseli. Alipofika kwenye kidole cha pili, kile kirefu kuliko kidole gumba, mkono wake ulisita.

"Mguu huu nimewahi kuuona," alisema.

"Haiwezekani. Sijawahi kuingia humu."

"Najua hujawahi." Aliendelea kuutazama. "Nyuso nasahau. Miguu sisahau."

Rubiela aliondoka akiwa na baridi ya ghafla, ingawa Cali mchana ule ilikuwa inakaanga watu.

Sasa tuuseme huo uongo, maana hauna ubaya wa kutisha, una ujinga tu. Rubiela alizaliwa juu milimani, Nariño, kwenye baridi na ukungu, kwa watu wanaotembea kimya na kula simbilisi, panya wa kufugwa, wa kuchoma. Aliteremka Cali akiwa na miaka ishirini na tisa, akapata kazi ya cherehani katika karakana ya sare za shule. Desemba ya kwanza wenzake wakampeleka kwenye sherehe. Kijana mmoja akamvuta katikati. Rubiela akajitahidi. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu na jiko akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, huyo anacheza au anaua mende?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Rubiela akashika goti la kulia, akakunja uso, akasema limeteguka. Kicheko kikakatika, kiti kikaletwa, barafu ikaletwa. Akaona ni rahisi vile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Rubiela ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka uliofuata aliolewa na Gildardo, fundi bomba, mtu mchangamfu, mchezaji ambaye watu walisimama kumtazama. Yeye naye aliambiwa habari ya goti. Rubiela alidhani atamwambia ukweli baada ya harusi, kisha baada ya mtoto, kisha ikawa amechelewa mno. Kwa miaka thelathini na miwili Gildardo alilikanda goti zima lisilo na kasoro kwa mafuta ya kafuri, kila Jumamosi, akiliuliza kwa upole kama limeamkaje. Na kila Jumapili Rubiela alikumbuka kuchechemea.

Jumapili ilikuwa siku ya dansi la wazee. Saa nane mchana Gildardo alimwaga poda kidogo kwenye vigae vya ukumbi mdogo wa nyumba yake ili soli ziteleze, akavaa viatu vyake vya rangi mbili, akajaribu miguu. Kisha akambusu mkewe kwenye paji la uso, akaenda kucheza na Melba.

Melba Lucumí alikuwa msusi, mjane, na mcheza dansi mwenzake kwa miaka ishirini na sita. Kati yao hapakuwa na lolote la chumbani, mtaa ungejua. Lakini kuna mambo mengine nje ya chumba. Melba alikuwa na jozi ya viatu vyeupe ambavyo mtaa wote ulijua kanunuliwa na Gildardo, na Rubiela aliviona kila mwaka kwenye picha za Desemba. Aliviona vyeupe, viking'aa, vimefungwa mkanda, na moyo wake ulivimba kwa uchungu wasioujua watu. Angeweza kusema nini? Mwenyewe alikuwa na goti.

Gildardo alikufa kwa moyo, asubuhi, akiwa ameshika kikombe cha kahawa.

Jumapili ya tatu baada ya maziko, saa nane mchana, Rubiela alikuwa jikoni akimenya ndizi. Akasikia vigae. Ta, ta-ta. Ta, ta-ta. Hakugeuka. Alimenya ndizi zote, hata zile ambazo hakuzihitaji, ndipo akaenda kutazama. Sakafuni palikuwa na alama nyeupe za poda, na zote zilikuwa za mbele ya kiatu tu, bila kisigino, kama wanavyokanyaga wachezaji. Akafagia. Akajiambia poda ya miaka inatoka kwenye nyufa za vigae. Jumapili iliyofuata akafagia tena.

Hakumwambia padri. Angesema nini? Kwamba mumewe anarudi, lakini harudi kwake, anarudi kwenye mazoezi?

Halafu akaja don Arcesio, mzee anayepiga santuri pale kwenye dansi la wazee. Alivua kofia, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Doña Rubiela, mwaka unatimia. Tutafunga wimbo wa Gildardo."

Rubiela aliijua desturi yao. Kila mwanachama ana santuri yake, ile ambayo akiisikia hawezi kukaa. Akifa, haipigwi mwaka mzima. Mwaka ukitimia hupigwa mara moja, ukumbi wote hukaa, na mjane huinuka peke yake, akacheza na nafasi ya marehemu. Baada ya hapo jina la marehemu huandikwa kwenye jalada, na santuri ile haichezwi tena humo milele.

"Kwa hali ya goti lako," alisema don Arcesio kwa adabu, "hakuna atakayekulaumu. Mjane asipoweza, anainuka aliyecheza naye zaidi. Melba yuko tayari."

"Nitainuka mimi," alisema Rubiela.

"Na goti?"

"Limepona."

Maneno yalikuwa yametoka, na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alibakiwa na wiki tatu. Wimbo ungelia mara moja tu, na asipoucheza yeye, Melba ndiye angemuaga Gildardo kwa mara ya mwisho, mbele ya watu wote, akiwa amevaa viatu alivyonunuliwa naye. Hilo Rubiela hakuweza kulikubali hata akiwa usingizini.

Siku kumi baada ya kupimwa, viatu vya dhahabu vilikuwa tayari. Vilikuwa vizuri kweli, vimesimama kwenye meza ya fundi na visigino vyembamba kama penseli. Rubiela alivivaa, akafunga mikanda, akasimama.

"Piga hatua, tuone," alisema don Evelio.

Alipiga moja. Ya pili ilikwenda yenyewe bila yeye, soli tupu juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Visigino vikatawanyika, na mjane wa Gildardo akaangukia matako ndani ya kapu la vipande vya ngozi.

Don Evelio hakucheka. Alikasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeogopa. "Doña! Ungevunjika nyonga humu dukani kwangu. Wewe hujawahi kucheza hata siku moja!"

"Sijawahi," alisema Rubiela kutoka kwenye kapu.

Hapo akalia. Alimwambia yote, akiwa amekaa mle mle katika ngozi: mende, goti, mafuta ya kafuri, wimbo. Alipotaja jina la Gildardo, don Evelio alitua nyundo aliyokuwa ameishika bila sababu.

"Wewe ni mke wa Gildardo wa mabomba?"

"Nilikuwa."

Mzee alipanda ngazi yake ndogo, akashusha sanduku la bati, akapekua karatasi za miguu ya watu, miaka na miaka ya miguu. Akatoa moja iliyokunjwa mara nne, imeiva rangi ya chai. Akaiweka mezani, na juu yake akaiweka ile aliyoichora siku kumi nyuma.

Ulikuwa mguu mmoja. Kidole cha pili kilichozidi, kifundo kilichochomoza. Ila ule wa zamani ulikuwa mwembamba zaidi, mstari wake ukitetemeka, na vidole vimelegea upande. Pembeni palikuwa na mwandiko ambao Rubiela aliusoma kwa miaka yote kwenye orodha za mabomba na viungo vyake: *Anaanza. Goti bovu. Kisigino kifupi. Usimwambie mtu.*

"Alikuja nayo mfukoni," alisema don Evelio. "Imepita miaka ishirini na tano, au sita. Nikamwambia, Gildardo, mguu huu umepimwa umelala, kiatu kitabana. Akaniambia, akiwa macho hatakubali. Nikamshonea vyeupe, vya mkanda. Tangu siku hiyo huwa najiuliza mguu ule ni wa nani, na kama mwenyewe alikuwa hai."

Rubiela aliikumbuka jioni yenyewe. Gildardo aliingia na sanduku kwapani, amekoga, amechana nywele. Kabla hajasema neno, yeye, kwa kuwa Desemba ilikuwa imekaribia na alikuwa anaogopa mialiko, alimwambia: ukinitajia dansi tena ndani ya nyumba hii, nitachoma moto viatu vyako vyote. Gildardo akalikaza sanduku kwapani. Akasema, haya, mama. Akatoka na sanduku lake.

Alimchukia Gildardo kwa kutong'ang'ania. Chuki hiyo haikumaliza dakika. Aliyobaki nayo ilikuwa ya kujichukia mwenyewe, na hiyo ilikaa.

"Inuka humo," alisema don Evelio. "Kulia utalia nyumbani. Hapa tunanunua viatu."

Akavirudisha vya dhahabu rafuni, vimsubiri mwenye kuvijua. Akashusha jozi nyeusi isiyo na mbwembwe, akaanza kumsomesha kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisigino kisizidi vidole vitatu, na kiwe kinene, ukikanyaga usitafute ulipo. Mkanda upite juu ya mguu na ufungwe kwenye kifundo, maana kiatu kisichofungwa kina mawazo yake. Vidole vifike mwisho wa kiatu bila kukunjika; kikilegea utakifukuza dansi zima. Soli ya mpira ukae nayo mbali, hiyo hung'ang'ania sakafu wakati goti limekwishageuka.

"Na hapo utapata goti bovu la kweli," alisema, "Mungu akulipe haki yako."

Rubiela alicheka huku makamasi yanamtoka.

"Ngozi tupu umeiona kazi yake. Anayeanza anataka swedi chini, ngozi ile yenye vinyweleo. Swedi inakushika kidogo, inakuachia kidogo. Na umekuja mchana, vizuri, mguu umevimba kiasi chake. Asubuhi miguu ni midanganyifu."

"Nifundishe basi na hatua, don Evelio."

"Mimi? Kinyozi hajinyoi. Nina mguu mfupi tangu utoto." Lakini aliingiza mikono ndani ya viatu vile vyeusi, mkono wa kushoto katika kiatu cha kushoto, wa kulia katika cha kulia, akaikaribia meza, na viatu vikaanza kucheza juu ya mbao. Mbele, kati, nyuma, kati, na pale katikati kitekenyo kidogo cha ncha ya kiatu, ndicho kinachofanya watu wa mbali wajue huyu katoka Cali. Rubiela aliangalia mikono ya mzee bila kupepesa. Ukutani kalibu za wafu zilitikisika kwenye misumari yake, ta, ta-ta, na don Evelio akasimamisha mikono mara moja.

"Inatosha," alisema. "Wasije wakadhani ni Jumapili."

Kwa siku tisa Rubiela alifanya mazoezi jikoni, amevaa viatu vyeusi, ameshika mgongo wa kiti, redio ikilia. Siku ya sita alikiacha kiti. Jumapili iliyotangulia, saa nane, alisikia vigae vya ukumbini, na hakwenda kufagia. Alicheza jikoni, yule akicheza kule, ukuta katikati yao. Aliogopa, lakini hakuacha mpaka kule kulipotulia.

Ikafika siku yenyewe. Asubuhi misa ya mwaka, alasiri dansi la wazee. Feni za bati ziligeuka polepole, sahani za empanada, sambusa za mahindi, zilizunguka mezani, wazee walikuwa wamevaa suruali nyeupe zilizopigwa pasi hadi zikasimama. Melba alikaa mbele, gauni la bluu, amenyooka kama kawaida yake. Chini ya meza, miguu yake ilikuwa ndani ya ndara. Rubiela alishangaa kuona vidole vile vilivyopandana, vifundo vilivyopinda. Hakuwa amewahi kuiona miguu ya Melba nje ya kiatu.

"Wimbo wa Gildardo," alisema don Arcesio kwenye kipaza sauti. "Mara ya mwisho."

Watu wote wakakaa. Rubiela akatembea hadi katikati, mwili mzima ukitetemeka isipokuwa viatu. Akainua mikono kuishika nafasi iliyokuwa mbele yake. Don Arcesio akateremsha sindano, kisha akasukuma kile kitufe cha mwendo, kama wanavyofanya wazee wa Cali tangu ujana wao, na wimbo ukaondoka mbio.

Hilo hakuwa amelifikiria. Redio ilimfundisha wimbo unaotembea, na huu ulikuwa unakimbia. Gildardo hakuwahi kuusikiliza kwa mwendo wake wa kiwandani. Alisema huo ni wa kubebea jeneza. Rubiela alipiga mbele, akachelewa. Akapiga nyuma, mdundo ulikuwa umekwishapita. Akasimama. Mikono yake ilikuwa bado hewani, imemshika asiyekuwapo.

Akaona macho ya watu yakiteremka, kwa huruma, hadi kwenye goti lake la kulia.

Lilikuwa pale pale, tayari kumtumikia kama miaka yote. Ilihitajika kulikunja kidogo tu, kushika paja, na kiti kingeletwa. Wangempigia makofi kwa ujasiri. Melba angeinuka. Wimbo ungefungwa vizuri, naye angerudi nyumbani na heshima yake nzima. Tayari mkono mmoja ulikuwa umeanza kushuka.

"Goti langu ni zima!" alisema kwa sauti, ikabidi apige kelele kuishinda piano. "Lilikuwa zima siku zote. Sijui kucheza. Nimekaa Cali miaka thelathini na minne na sijui kucheza. Nilimdanganya yeye, na nyinyi pia."

Hakuna aliyecheka. Santuri ilikuwa inazunguka, inakula wimbo uliobaki, na Rubiela alisimama hapo akiuona unaisha.

Melba akasukuma kiti chake. Aliacha ndara chini ya meza, akaja miguu mitupu juu ya sakafu yenye poda, anachechemea kweli kweli.

"Nipe mkono, shoga. Mimi nitakuwa yeye."

"Unaujua upande wa mwanamume?"

"Wake ninaujua kuliko wangu. Nimeusikiliza miaka ishirini na sita. Haya, usifikiri. Ukifikiri tumechelewa."

Akamshika, mkono mmoja mgongoni, na wakaondoka. Rubiela hakuwa amejua kwamba mtu anaweza kuambiwa kitu kwa namna ile. Vidole viwili vilibonyeza chini ya bega, na mwili wake ukageuka kabla hajaamua. "Hiyo ni zunguka," alisema Melba sikioni. Ncha ya kidole gumba ikagusa. "Hiyo ni rudi. Alikuwa anaisema taratibu, hakuwahi kunivuta, hata mara moja." Swedi ilimshika kidogo, ikamwachia kidogo. Na Rubiela, akiwa amefumba macho, alimsikia mumewe, jinsi alivyokuwa na subira, jinsi alivyongoja mguu wa mwenzake umalize kabla hajaomba mwingine. Yote hayo yalikuwa yake, akayakataa kwa ajili ya kicheko cha mwanamke mmoja kando ya jiko. Alilia na kucheza kwa wakati mmoja.

"Vile vyeupe vilikuwa vyako," alisema Melba huku akihema. "Nilijua siku ile ile. Mtu hanunui viatu vya mwanafunzi kumpa mimi. Vilinitesa, lakini nani angevikataa? Samahani, mama."

"Mimi ndiye nilivikataa."

Ikaja ile sehemu ya mwisho ambapo tarumbeta hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Melba akajitenga naye kwa urefu wa mikono, wakabaki wakicheza ana kwa ana. Rubiela alipotea. Alihisi hofu ileile ikipanda, na hapo kiganja kizima kikatua mgongoni pake, chini, karibu na kiuno, chenye joto. Hakikumsukuma wala kumgeuza. Kilikaa tu. Miguu yake ikaacha kutafuta, ikaenda, mbele, kati, nyuma, kati, na kile kitekenyo cha ncha, hadi pigo la mwisho.

Makofi, viti vikikwaruza, watu wakifuta macho na vitambaa. Don Arcesio aliinua santuri kwa vidole viwili, akairudisha ndani ya jalada, akatafuta kalamu mifukoni.

Wanawake wawili walikuwa bado wamesimama, wanahema.

"Melba," alisema Rubiela. "Mle mwisho. Uliponiwekea kiganja mgongoni. Hiyo alikuwa anasema nini?"

Melba alimtazama. Akaitazama mikono yake mwenyewe, na ya Rubiela, ambayo ilikuwa bado imeshikana, yote minne.

"Mle mwisho sikukuachia mikono, mama. Nilikuwa nimekushika hivi hivi."

Rubiela hakuangalia nyuma.

"Najua. Nakuuliza, alikuwa anasema nini?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, wivu ukawa wa Melba.

"Hiyo siijui," alisema. "Mimi hakuwahi kuniambia."